Lenzi ya Pembe Pana kwa Kamera Ndogo ya Majini: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Shabaha ya somo

Somo hili ni mwendelezo wa masomo yetu kuhusu vifaa ambavyo mlaji huvinunua mara moja kwa gharama kubwa, akitarajia vimhudumie kwa miaka mingi. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza lenzi ya pembe pana ya majini hufanya kazi gani, kutambua lenzi inayolingana na kamera na kasha alilonalo, kuijaribu kabla ya kwenda nayo baharini, na kudai haki yake pale alichouziwa kisipofanana na alichoelezwa.

Mifano tumeichukua katika pwani ya Mtwara, kuanzia kata ya Mahurunga, karibu na maingilio ya Mto Ruvuma, hadi Msimbati na Ghuba ya Mnazi. Eneo hilo limo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 650. Ndani yake mna mikoko, nyasi za bahari na matumbawe. Wenyeji wengi huijua bahari hiyo kwa jarife, mshipi na ngalawa. Lakini wapo sasa wanaoijua pia kwa kamera: waongoza wageni, walimu, wanafunzi wa sayansi, na vikundi vya kijiji vinavyotaka kuonesha hali ya mwamba wao mwaka hadi mwaka. Hao ndio tuliowakusudia kwanza.

Kwa nini picha za majini hukatisha tamaa

Mtu anaponunua kamera ndogo na kasha la kuzuia maji, matumaini yake huwa kwamba ataona kwenye picha kile alichokiona kwa macho. Anapotoka majini hukuta picha za buluu iliyofifia, samaki asiye na rangi, na tumbawe lililokatwa nusu. Wengi huilaumu kamera. Mara nyingi kamera haina kosa; kosa ni la maji yaliyo mbele yake.

Maji hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza, hupindisha mwanga. Mwanga unapotoka majini na kuingia katika hewa iliyo ndani ya kasha, kwa kupitia kioo bapa cha mbele, hubadili mwelekeo. Matokeo yake ni kwamba kila kitu huonekana kikubwa zaidi kwa takriban theluthi moja, na pembe ambayo kamera inaweza kuiona hupungua. Kamera ambayo upande wake mpana zaidi ni milimita 28 huona nyuzi 75 hivi ikiwa nchi kavu, kutoka kona moja ya picha hadi kona ya pili. Ndani ya kasha lenye kioo bapa, chini ya maji, huona nyuzi 55 tu. Kwa maneno mengine, mlaji amelipia dirisha pana, na bahari imemwachia dirisha dogo.

La pili, maji humeza rangi na kubeba vumbi la tope na viumbe vidogo visivyohesabika. Rangi nyekundu hutangulia kupotea. Katika kina cha mita 5 huwa imekwisha kufifia sana, na kufikia mita 10 huwa karibu imetoweka. Upotevu huo hauhesabiwi kwa kina peke yake. Maji yaliyo baina ya kamera na samaki nayo humeza rangi, na kila chembe ya tope iliyo katikati hurudisha mwanga mahali pasipotakiwa.

Hapo ndipo mpiga picha anapobanwa. Dirisha likiwa dogo, hulazimika kurudi nyuma ili kitu kizima kiingie kwenye picha. Akirudi nyuma, huongeza maji katikati, na picha hufifia zaidi. Kwa hesabu yetu, tumbawe lenye upana wa mita 2 litajaa kwenye picha ya kamera tuliyoitaja ikiwa mpigaji yuko umbali wa mita 2 na robo hivi. Akivalisha lenzi inayofikisha pembe nyuzi 100, umbali huo hushuka hadi karibu mita 1. Zaidi ya nusu ya maji yaliyomzuia yameondoka, bila kuongeza taa wala kubadili kamera.

Faida ya lenzi hii ni hiyo: kumwezesha mtu kusogea karibu. Mlaji akilishika jambo hilo atajua pia lini aikatae, kwa kuwa lenzi yoyote isiyomwezesha kusogea karibu huku picha ikibaki nzima haifai kulipiwa, hata ikiwa nzuri kiasi gani kwenye rafu ya duka.

Lenzi ya majini ni ipi?

Lenzi tunayoizungumzia huvalishwa nje ya kasha, mbele ya kioo chake, na maji huruhusiwa kujaa katika nafasi iliyo baina ya lenzi na kasha. Kwa sababu hiyo inaweza kuvalishwa na kuvuliwa mtu akiwa ndani ya maji. Anayetaka kupiga mwamba mzima huivaa, na anayekutana na kaa mdogo huivua na kuendelea na kamera yake ya kawaida.

Lenzi hizo ziko za aina mbili kwa sura ya mbele. Nyingine zina kioo cha mbele kilicho bapa au kilichobinuka kidogo. Nyingine zina kioo cha kuba, mfano wa bakuli lililofunikwa, na hizo kwa kawaida huona upana mkubwa zaidi. Ndani yake mna vipande kadhaa vya kioo vilivyofungwa imara ili maji yasiingie katikati yao.

Kifaa kingine hufanana nayo sana, nacho ni lenzi ya kuongeza upana inayotengenezwa kwa matumizi ya nchi kavu, ya kuvalishwa kwenye kamera au simu. Kioo chake kimekatwa kwa hesabu ya hewa. Kikizungukwa na maji, uwezo wake wa kupinda mwanga hupungua sana, na mara nyingi vipande vyake havikufungwa kuzuia maji, hivyo chumvi huingia na kukaa ndani. Kwa macho ya mnunuzi wa kawaida vifaa hivi viwili ni ndugu: vyote ni vyeusi, vya mviringo, na vina kioo kinene. Kimoja huona majini; kingine huingia majini tu.

Mfano: kikundi na fedha za kikundi

Tuchukue mfano tuliouunda wenyewe, ambao mambo yake hayatakuwa mageni kwa yeyote aliyewahi kununua kifaa kwa simu. Kikundi cha watu kumi na wawili wa Mahurunga kinaweka akiba kwa msimu mzima. Kinataka kupiga picha za mwamba uleule kila mwaka, ili siku mwamba ukiharibika, au ukipona, pawe na ushahidi usiotegemea kumbukumbu za wazee peke yake. Tayari kina kamera ndogo na kasha lake. Mwekahazina anampigia muuzaji aliye Dar es Salaam.

"Kaka, hiyo lenzi inafaa baharini?"

"Inafaa kabisa mama, haiingii maji."

Fedha zinatumwa, lenzi inafika kwa basi. Hesi ya lenzi ni milimita 67. Ya kasha ni 52. Muuzaji anatuma adapta kwa malipo ya nyongeza. Siku ya bamvua kikundi kinakwenda Msimbati, kinazamisha kamera, na picha zote zinatoka na kona nne nyeusi, kana kwamba zimepigwa kupitia tundu la bomba. Wakivuta picha kwa kukuza hadi weusi upotee, upana unaobaki hauzidi sana ule waliokuwa nao mwanzo. Wanapompigia muuzaji, anajibu kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na kwamba yeye hakusema uongo, kwani lenzi kweli haiingii maji.

Tazama vizuri mazungumzo yale. Mnunuzi aliuliza jambo moja, akajibiwa jingine. Aliuliza kufaa, akajibiwa kutoingia maji. Wala hakutaja kamera aliyonayo, kasha lake, wala kazi aliyoikusudia. Hasara hiyo haikutokana na ujinga wa mtu, maana mwekahazina huyo anajua kuhesabu kila shilingi. Ilitokana na kukosa maswali manne, ambayo sasa tunayaeleza.

Maswali manne kabla ya kulipa

1. Je, maji hupita baina ya lenzi na kasha, na lenzi ilitengenezwa hivyo? Jibu likiwa "sijui" au "usijaze maji hapo", hiyo si lenzi ya majini. Tazama pia kama fremu yake ina matundu au nafasi ya kupitisha maji na kutoa hewa.

2. Je, lenzi ilikusudiwa kamera yenye upana wa milimita ngapi? Lenzi nyingi za namna hii zilihesabiwa kwa kamera inayoanzia milimita 28. Kamera nyingi za sasa huanzia 24 au 25, yaani ni pana zaidi, na hivyo huona ukingo wa lenzi yenyewe. Huo ndio weusi wa kona. Weusi mdogo huweza kuondolewa kwa kukuza picha kidogo. Weusi mkubwa hauna dawa: ukikuza hadi upotee, umeitupa pembe uliyoinunua. Soma maandishi yaliyo mbele ya kamera yako au katika kijitabu chake, uyaandike kabla ya kwenda dukani.

3. Je, kioo cha kasha kiko umbali gani kutoka kwenye kamera, na lenzi hufungwa vipi? Kamera yenye uwezo mkubwa wa kukuza huwa na lenzi inayochomoza mbali, kwa hiyo kasha lake hutengenezwa na pua ndefu. Kamera hiyo inapowekwa kwenye upana wake, lenzi yake hurudi ndani na kuacha nafasi kubwa nyuma ya kioo. Nafasi hiyo huzaa weusi wa kona. Adapta nayo huongeza nafasi. Hesi zinazopatikana zaidi ni za milimita 52 na 67. Zipo pia lenzi zinazofungwa kwa kuzungusha robo mzunguko. Ni bora kununua lenzi inayofunga moja kwa moja kwenye kasha lako kuliko ile inayohitaji adapta mbili.

4. Je, kasha lenyewe linaweza kubeba lenzi? Lenzi nzuri ni kioo na chuma, nayo ni nzito. Mfuko wa plastiki wa kutilia simu hauna kioo kigumu wala hesi ya kuishikilia, na hakuna lenzi ya majini itakayofanya kazi juu yake. Angalia pia kina kilichoandikwa kwenye kasha. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Alama ya IPX7, inayoonekana kwenye simu na kamera nyingi, maana yake ni kwamba kifaa kilijaribiwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. IPX8 huvuka hapo kwa masharti yanayotajwa na mtengenezaji, hivyo masharti hayo hayana budi kusomwa. Majaribio hayo hayaahidi chochote kuhusu maji ya chumvi, kuruka kutoka kwenye mashua, au oringi iliyochakaa.

Maswali haya yaulizwe kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, na majibu yatunzwe. Mfano wa ujumbe unaofaa ni huu: "Nina kamera inayoanzia milimita 25, na kasha lenye hesi ya milimita 52. Nataka kupiga matumbawe chini ya maji bila weusi wa kona. Je, lenzi unayoniuzia inafaa kwa kazi hiyo?" Sentensi hizo chache zina uzito kuliko nusu saa ya mazungumzo, kwa sababu tutakazozieleza mwishoni.

Jaribio la mkeka

Lenzi ya majini haiwezi kuhukumiwa ikiwa kavu. Kwa hiyo, kubaliana na muuzaji muda wa kuijaribu, na siku za kuirudisha ziandikwe kwenye risiti au ujumbe. Kisha fanya yafuatayo.

Kwanza, jaribu kasha peke yake. Weka karatasi laini kavu ndani yake badala ya kamera, lifunge, ulizamishe katika ndoo ya maji kwa nusu saa, ukibonyeza vitufe vyote. Tone moja kwenye karatasi linatosha kusimamisha safari. Usidhani kwamba kina kifupi ni salama: oringi hubanwa zaidi kina kinapoongezeka, na kasha nyingi huvuja katika mita za mwanzo.

Pili, tafuta maji matulivu ya kufika magotini, kwa mfano kidimbwi cha mchanga kinachobaki maji yanapokupwa. Tandika mkeka chini yake na uubane kwa mawe. Valisha lenzi ndani ya maji, hakikisha hakuna viputo, weka kamera kwenye upana wake wote, upige mkeka kutoka umbali wa nusu mita. Rudia bila lenzi. Linganisha picha hizo mbili kwenye kioo kikubwa, si kwenye kioo cha kamera. Ukili wa mkeka utakuonesha mambo matatu: kama kona ni nyeusi, kama pembezoni pamefifia kupita kiasi, na kiasi gani mistari iliyonyooka imepindika. Mistari kupindika kidogo ni tabia ya lenzi pana na si ubovu. Ukungu unaokula robo ya picha ni ubovu, au ni dalili kwamba lenzi na kasha havilingani.

Namna ya kuitumia

Anza nchi kavu. Safisha oringi ya kasha, tazama kama kuna unywele au chembe ya mchanga, ipake mafuta yake kidogo, kisha funga. Funga lenzi kwa kamba kwenye kasha au mkononi, kwa kuwa kifaa kinachokuponyoka kwenye ukingo wa mwamba hakirudi. Unapoingia majini, legeza lenzi, itikise, ufute viputo kwa kidole kwenye vioo vyote viwili, kisha ikaze tena. Kiputo kimoja kilichonaswa katikati huharibu kila picha ya siku hiyo, na hakionekani kwenye kioo kidogo cha kamera.

Weka kamera kwenye upana wake wote. Washa hali ya kupiga vitu vya karibu, ambayo aghalabu huoneshwa kwa alama ya ua: lenzi ya pembe pana, hasa ya kuba, huifanya taswira ya kitu cha mbali ikae karibu sana na kamera, na kamera isiyoruhusiwa kulenga karibu hutafuta bila kupata. Zima flashi iliyo ndani ya kamera, kwani lenzi itaizuia na kuacha kivuli kipana upande mmoja wa picha. Kamera ikikuruhusu kuchagua weupe wa kulinganishia rangi, beba kibao cheupe na ukioneshe kamera katika kina kilekile utakachopigia.

Kisha sogea. Wanaoanza hukaa mbali, wakidhani pembe pana ni ya kuonea mambo mengi. Matokeo yake ni picha ya buluu yenye nukta ndogo katikati. Chagua kitu kimoja, kikaribie hadi kati ya sentimita 30 na mita 1, shuka kidogo chini yake, na uelekeze kamera juu ili mwanga wa juu ya maji uonekane nyuma. Usogee huko kusiwe kwa gharama ya mwamba. Usisimame juu ya matumbawe, usiyashike ili kujitegemeza, na usiache lenzi nzito ikining'inia na kuyagonga. Anayepiga picha ndani ya hifadhi afuate taratibu za kuingia katika ofisi ya hifadhi kwanza.

Mipaka ya lenzi katika bahari yetu

Kuna jambo ambalo muuzaji wa mbali hawezi kulijua, nalo ni bahari ya mnunuzi. Ruvuma hushusha tope jingi wakati wa mvua, na maji ya karibu na maingilio hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Hakuna lenzi inayoona kupitia tope hilo. Msaada wake huwa mkubwa katika maji yenye ukungu wa kiasi, ambamo mita moja huonekana vizuri na mita tatu hazionekani.

Kwa hiyo panga siku kama mvuvi apangavyo. Maji yanapojaa huleta maji safi ya bahari kuu kuelekea ufukweni, na yanapokupwa huvuta tope la mikokoni. Siku za maji mafu mkondo huwa mdogo na tope hutulia kuliko siku za bamvua. Kikundi cha mfano wetu kilikwenda siku ya bamvua, na hata lenzi ingekuwa sahihi picha zingekuwa na shida. Kusi huchafua bahari kwa mawimbi. Kaskazi huwa tulivu zaidi lakini hukutana na mvua na mto uliojaa. Kipindi cha tanga mbili kabla ya mvua, pepo zinapolegea na mto ungali mdogo, aghalabu ndicho chenye matumaini zaidi. Waulize wavuvi wa mahali hapo kabla ya kukodi mashua. Ushauri wao haulipiwi, na huokoa fedha.

Picha zinapotumika kama ushahidi

Kwa kikundi kinachofuatilia hali ya mwamba, lenzi huleta wajibu mmoja zaidi. Pembe pana hukuza kilicho karibu na kudogosha kilicho pembeni. Picha iliyopigwa mwaka jana bila lenzi na ya mwaka huu yenye lenzi haziwezi kulinganishwa, na anayezilinganisha anaweza kutangaza uharibifu usiokuwapo au kuficha uliopo. Andika kila safari lenzi iliyotumika, umbali, kina, tarehe na hali ya maji. Weka kijiti chenye alama za sentimita ndani ya picha, karibu na katikati. Ushahidi wa kijiji utaaminiwa kwa uangalifu huo, si kwa bei ya kifaa.

Utunzaji

Ukitoka majini, loweka kasha na lenzi katika maji baridi yasiyo na chumvi kabla havijakauka. Vua lenzi kwenye kasha humo humo ndani ya maji. Ukiviacha vikauke pamoja, chumvi hugandisha hesi na kesho yake utahitaji fundi. Usitumie spiriti wala sabuni kali kwenye kioo cha kuba, hasa kikiwa cha plastiki. Usiache lenzi juani ndani ya mashua, kwa kuwa kioo kinachokusanya mwanga kinaweza kuunguza kilicho nyuma yake. Ihifadhi ikiwa kavu, na kifuniko chake kikiwa mahali pake.

Haki zako

Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa nayo. Tena, mnunuzi anapomweleza mfanyabiashara kazi aliyoikusudia na kutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana tumesisitiza ujumbe ule wa maandishi. Kikundi chetu kingeandika "kamera ya milimita 25, hesi ya 52, matumbawe, bila weusi wa kona", na muuzaji akajibu "inafaa", kisingekuwa tena na ugomvi wa maneno. Kingekuwa na ahadi iliyovunjika, na ushahidi wake mkononi.

Bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" haliondoi haki hiyo pale bidhaa ilipouzwa kwa maelezo yasiyo ya kweli. Lakini halimlazimishi muuzaji kumrudishia fedha mnunuzi aliyebadili mawazo tu, au aliyenunua bila kutaja kamera yake. Haki na uangalifu huenda pamoja.

Ukipata tatizo, acha kutumia kifaa, piga picha za kasoro, kisha mwandikie muuzaji ukieleza unachotaka: kubadilishiwa, kutengenezewa au kurudishiwa fedha. Asiporidhisha, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani pamoja na risiti ya EFD, majibizano na picha. Kwa bidhaa iliyoagizwa nje ya nchi moja kwa moja, fahamu kwamba kumfikia muuzaji ni vigumu zaidi, na tofauti ya bei haina budi kupimwa pamoja na hatari hiyo. Soma pia masharti ya dhamana ya kamera: nyingi huondoa madhara ya maji kuingia kwenye kasha.

Maswali ya kujipima

1. Kamera yako huanzia milimita ngapi, na hesi ya kasha lako ni ya milimita ngapi?
2. Kuna tofauti gani baina ya lenzi isiyoingia maji na lenzi inayoona majini?
3. Kwa nini kusogea karibu hurudisha rangi ya picha?
4. Weusi wa kona ukitoweka baada ya kukuza picha sana, mnunuzi amepoteza nini?
5. Ungemwandikia muuzaji sentensi zipi kabla ya kutuma fedha?

Asiyeweza bado kujibu swali la kwanza asitume fedha. Afungue kijitabu cha kamera yake, apime hesi ya kasha lake kwa rula, na aandike namba hizo mbili kwenye karatasi ya kuiweka pamoja na fedha za ununuzi.